Baba alisema aliona "watu" wameshuka na mwanga shambani, sasa kijiji kinamwita mchawi. Nifanyeje?

BintiMufindi · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Kamwene ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, na asiye na la kusaidia apite tu kimya, maana hili jambo linaniliza.

Mi ni mzaliwa wa Mufindi, kijiji sitakitaja, sa hivi niko Iringa mjini nashona nguo. Baba yangu ana miaka 63. Kazi yake ya zamani alikuwa mlinzi wa moto kwenye shamba la miti, wale wanaokaa juu ya mnara kiangazi chote wanaangalia moshi, amefanya hivyo miaka 19. Mnaotoka huku mnaijua ile kazi, mtu anaona moshi kilima cha nne anakwambia ule wa mkaa, ule wa mtu anaandaa shamba, ule sasa ndo moto wenyewe pigeni simu. Yani macho yake ndo yalitusomesha sisi watoto watano.

Mwaka juzi mwezi wa sita alikuwa analala dunguni kulinda mahindi, nguruwe pori walikuwa wanatumaliza. Usiku mmoja, anasema kama saa kumi hivi, akaona mwanga unashuka nyuma ya milingoti, ukatua, wa duara, na mbele yake wamesimama watu watatu wafupi hawana nywele wanamwangalia. Hawakusema kitu. Halafu hawapo. Kulivyopambazuka akaenda pale alipowaona akakuta umande tu kwenye majani.

Akakaa nalo miezi mitano hajamwambia hata mama. Siku moja kwenye jumuiya wakauliza nani ana neno la kushuhudia, akasimama akasema. Na neno moja ndo limemponza, alisema kile kitu kilikuwa cha duara "kama ungo". Basi. Hakuna aliyesikia tena habari ya mwanga wala ya wale watu, walichosikia ni ungo, na nyie mnajua huku kwetu anayepanda ungo usiku ni nani.

Mwanzo walicheka, wakasema ni ulanzi, na baba hanywi. Watoto wakawa wanamwimbia njiani. Kanisani akaambiwa apumzike uzee wa kanisa "mpaka mambo yatulie". Waliokuwa wanakuja na posa ya mdogo wangu wakaacha kuja, hawakusema sababu. Baba mdogo anataka apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Yote hayo tulivumilia. Ila mwezi wa pili mtoto wa jirani alifariki kwa homa, siku mbili tu, na pale msibani baba alipofika watu wakasogeza viti vyao. Mama alinisimulia analia. Hapo ndo nimeogopa kweli.

Nimwondoe kijijini? Nimpeleke hospitali? Na jambo la tatu sijawahi kumwambia mtu, nilivyoenda Pasaka aliniuliza "mwanangu, we unaniamini?" nikainamisha macho nikajifanya natafuta kikombe. Mi sijui kama naamini. Ila baba yangu si mwongo.

Kabwe_Stendi · Alhamisi, saa 3:58 usiku

Pole sana dada yangu. Mi niko Mbeya, nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa miaka kumi, haya mambo nimeyakalia vikao mpaka usiku wa manane kwahiyo nakwambia la kufanya kesho asubuhi, hayo ya mzee aliona nini wengine watakuja kukueleza.

Pale viti viliposogezwa msibani, hapo mambo yameshatoka kwenye kucheka. Mtu anayechekwa haumizwi, mtu anayeogopwa ndo anaumizwa. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, nenda na mtu mzima wa ukoo usiende peke yako, umwombe aite kikao na polisi kata awepo. Watu wengi hawajui kwamba kumtuhumu mwenzio ni mchawi ni kosa, ipo Sheria ya Uchawi tangu 1928 wakati wa mkoloni na mpaka leo iko hai. Mtendaji akilisema hilo mbele ya watu mdomo mwingi unafungwa. Usisubiri msiba wa pili.

Na mzee aje kwako Iringa hata mwezi, kwa jina la kuja kumwona mjukuu, sio kwa jina la kukimbia. Akionekana amekimbia watasema alikuwa na hatia.

MamaUpendo_Uyole · Alhamisi, saa 4:31 usiku

Mwanangu pole, nakuombea wewe na baba yako. Mimi sitamcheka kwasababu naamini ameona. Ila naamini vinavyotokea usiku vikiwa na mwanga na hata salamu havitoi, hivyo ni roho, na giza linaweza kujivika nuru. Angefanyiwa maombi tu angepona. Hao watu wa sayari nyingine sisi hatukufundishwa. Simsemi vibaya mzee wako, nasema kwa upendo.

Mwalimu_Mbozi · Ijumaa, saa 12:10 asubuhi

Nimesoma hii usiku nikashindwa kulala, nikasema niandike kabla sijaenda shule. Nafundisha fizikia sekondari huku Mbozi, na kila mwaka napeleka wanafunzi kuona Kimondo pale Ndolezi. Dada, nataka nianzie hapo kwenye kimondo maana kinahusu baba yako kuliko unavyodhani.

Lile ni jiwe la chuma la tani kama 16, chuma zaidi ya asilimia 90, kilichobaki karibu chote nikeli, limetoka angani. Wenyeji walikuwa wanalijua kabla mgeni hajaliandika mwaka 1930. Sasa nawaulizaga wanafunzi, mtu wa kwanza kusema jiwe limeanguka kutoka mbinguni unadhani aliaminiwa? Huko Ulaya kwenyewe wasomi wakubwa walikuwa wanawacheka wakulima waliosema mawe yanaanguka kutoka juu, wanasema ni ushamba, mpaka Aprili 1803 mawe zaidi ya 3,000 yalipoanguka kijiji cha L'Aigle Ufaransa, serikali ikamtuma kijana mmoja msomi, Jean-Baptiste Biot, akakaa na wanakijiji akawahoji mmoja mmoja, akayaokota mawe, akarudi akasema hawa watu wanasema kweli. Wakulima walikuwa sahihi muda wote.

Niwe mkweli lakini, kule mawe yaliokotwa. Kwa hawa viumbe wa sayari nyingine mpaka leo hakuna aliyeokota kitu kikapimwa kikakubalika. NASA, shirika la anga la Marekani, waliunda timu huru ya wataalamu, ripoti yao ikatoka Septemba 2023, wakasema hawajaona ushahidi kwamba haya yanayoonekana angani asili yake ni nje ya dunia. Ila humo humo wakasema na hili, kwamba aibu na kejeli zinafanya watu wakae kimya, marubani hawaripoti, kwahiyo taarifa nzuri hazipatikani. Na hao wataalamu wenyewe, kwa kukubali tu kulichunguza, walitukanwa mitandaoni. Yani hata anayesikiliza anachafuka.

Kuna profesa wa Harvard, John Mack, daktari wa akili, mtu mwenye tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi kule Marekani. Aliwasikiliza watu waliosema wamekutana na viumbe, akaandika, mwaka 1994 chuo kikamuundia kamati ya kumchunguza, mwaka mzima na zaidi, mwisho wakamwachia uhuru wake wa kufundisha. Mwaka huo huo alikuja huku kwetu Afrika, Zimbabwe, shule ya Ariel kule Ruwa, ambako tarehe 16 Septemba watoto 62 walisema wakati wa mapumziko waliona chombo kimetua na mtu au watu wa ajabu wenye macho makubwa. Wakapewa karatasi wachore. Wapo wanaosema siku mbili nyuma mabaki ya roketi ya Urusi yalipita angani yakiwaka na nchi nzima ikawa inazungumzia vyombo vya angani, kwahiyo watoto walishajazwa. Inawezekana. Lakini wengine mpaka wamekuwa watu wazima wana watoto wao bado wanasema tuliona tulichoona. Mi siwezi kuwaita waongo, na siwezi kusema ilikuwa meli ya sayari nyingine.

Sasa hilo neno ungo. Mwaka 1947, tarehe 24 Juni, rubani mmoja Mmarekani, Kenneth Arnold, aliona vitu tisa vinaenda kasi karibu na mlima Rainier. Akasema vinaruka kama sahani ukiirusha juu ya maji, alikuwa anaeleza mwendo wake, waandishi wa habari wakaandika "sahani zinazoruka" na dunia nzima ikaanza kuona sahani. Neno moja. Kwao sahani ni chombo cha mezani kwahiyo mtu akisema ameona sahani angani wanamcheka. Kwetu sisi chombo cha duara kinachopaa usiku kilishakuwa na mwenyewe kabla hata Arnold hajazaliwa. Baba yako hana kosa, alitafuta kitu cha duara ambacho kila mtu pale jumuiyani anakijua, akakosa kingine. Angesema kama sinia pengine leo angekuwa anachekwa tu.

Kwahiyo swali lako la tatu dada. Kuamini kwamba aliona, na kuamini alichokiona ni nini, hayo ni mambo mawili. La kwanza unaweza kumjibu leo.

NesiKihesa · Ijumaa, saa 7:45 mchana

Habari dada, niko jirani yako hapo Iringa. Naongea kama muuguzi.

Mtu kusema ameona kitu mara moja katika miaka 63 si kichaa. Mirembe ni hospitali kama hospitali nyingine na wanaokwenda pale ni wagonjwa wanaostahili heshima, ila huwezi kumpeleka mtu kwasababu amewatia watu aibu. Nitakachouliza ni hivi: anasikia sauti zinazomwamrisha? Amebadilika kula, kulala, kujisafisha, anasahau majina ya watoto? Ana kifafa, aligonga kichwa, alikuwa na homa au dawa mpya kipindi kile? Anaona vizuri, asije akawa na mtoto wa jicho? Kama yapo hayo mlete apimwe, kama hayapo mwache.

Halafu muulize kwa upole sana. Alikuwa ameamka kabisa au ndo anazinduka? Na alipowaona, aliweza kunyanyuka?

Dereva_Tunduma · Ijumaa, saa 2:05 usiku

Mi sio mwandishi mtanisamehe. Naendesha semi miaka 22 Tunduma Dar.

Mwaka 2014 natoka Tunduma na mzigo wa kopa, tumepita Igawa kama saa nane usiku, upande wa kushoto kule bonde la Usangu nikaona taa imesimama juu. Nikadhani mnara wa simu. Ila mnara ule njia nimeipita mara mia haupo. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, utingo wangu nae akaiona akaniambia suka punguza mwendo, nikapaki pembeni tukashuka. Ikawa nyeupe, halafu ikapanda juu moja kwa moja kimya, hakuna mlio, ikapotea. Tulikaa pale hata robo saa hakuna anayeongea. Utingo ndo akasema suka hili tusimwambie mtu, tukaapa pale pale barabarani.

Kwanini hatukusema? Bosi angesema nimevuta bangi. Kweli kabisa ningenyang'anywa gari, nina watoto shule. Hiyo ya marubani aliyosema mwalimu nimeielewa mpaka kwenye mifupa. Nilimwambia mke wangu tu baada ya miaka mitatu, akaniuliza kama nilikuwa nimechoka, nikasema ndio nilikuwa nimechoka, ikaishia hapo.

Yule utingo alifariki ajali 2019. Toka hapo nimebaki na hii kitu peke yangu, leo ndo mara ya kwanza naandika. Mwambie mzee asijione yuko peke yake.

Mwalimu_Mbozi · Ijumaa, saa 2:40 usiku

Kaka dereva, ahsante kwa kuandika, umenikumbusha watu wawili, Betty na Barney Hill, mke na mume, Marekani, Septemba 1961, walikuwa barabarani usiku kama wewe. Mume alikuwa mtu mweusi anafanya kazi posta, mke mzungu, zama zile ndoa kama hiyo tu ilikuwa inatosha kuangaliwa vibaya, kwahiyo kitu cha mwisho walichotaka ni watu kuwanyooshea kidole tena. Wakakaa kimya, wanawaambia wachache tu, mpaka 1965 gazeti la Boston likaitoa bila ruhusa yao. Daktari aliyewatibu, Simon, hakuamini kwamba walichukuliwa na viumbe, alidhani ni ndoto za mke zimemwingia na mume, lakini hakuwaona waongo, aliwatibu kwa hofu waliyokuwa nayo kweli. Mi namheshimu kwa hilo.

Dada, kama mzee anakumbuka tarehe, ipo programu ya bure inaitwa Stellarium, unaweka mahali, siku na saa inakuonyesha anga lilivyokuwa. Zuhura ikiwa chini kwenye ukungu wa Mufindi inaweza kuonekana kubwa na kama inatembea. Na zile taa zinazopita zimejipanga mstari, hizo ni setilaiti za Starlink, zilianza kurushwa 2019, wanafunzi wangu walishanipigia simu usiku wanalia kwa zile.

BintiMufindi · Jumapili, saa 1:15 usiku

Nimesoma zote, zingine mara tatu. Jana asubuhi nilipanda gari nikaenda nyumbani.

Kwanza tumeenda kwa mtendaji na mjomba, kikao Jumatano, polisi kata atakuwepo. Kabwe Mungu akubariki.

Jioni nikakaa na baba jikoni, mama akatuachia. Nikamwambia baba nisimulie toka mwanzo mi sijawahi kukusikiliza. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaomba daftari la mtoto akachora, vilima, milingoti, dungu, ule mwanga, akaweka na umbali kwa mkono kama walivyokuwa wanafanya mnarani. Akasimulia saa nzima. Nesi, nilimuuliza ulichosema. Wale watu aliwaona alipozinduka, alikuwa amelala chali na hakuweza kunyanyua hata mkono, alitaka kumwita mama sauti haikutoka, kifua kizito. Ila mwanga anasema aliuona mapema, akiwa anatembea na tochi kuzunguka shamba, hajalala.

Nikamwambia baba naamini uliona. Nikamwambia sijui ni nini. Akasema "hata mimi sijui mwanangu, ndo maana niliwaambia watu, nilidhani kuna anayejua."

NesiKihesa · Jumapili, saa 1:50 usiku

Dada nimesoma hapo mwisho nimelia.

Hiyo ya kushindwa kujinyanyua inaitwa jinamizi, watu wa pwani wanaijua sana. Ubongo unaamka mwili bado uko kwenye usingizi wa ndoto, misuli imezimwa, na mara nyingi mtu anahisi au anaona kuna mtu amesimama karibu. Unguja na Pemba mwaka 1995 watu walisema wanaingiliwa usiku na Popobawa wakawa wanalala nje wamekoka moto, na wanaosoma mambo haya wengi wanaona jinamizi lilichangia. Mtu wa visiwani anaona Popobawa, Mmarekani anaona kiumbe wa sayari nyingine. Hofu yake ni ya kweli kabisa. Harvard waliwapima watu waliosema wamewahi kuchukuliwa, wakawasomea simulizi zao wenyewe, mapigo ya moyo na jasho vikapanda kama vya watu waliopatwa na majanga ya kweli. Kwahiyo mzee anapotetemeka akisimulia hajifanyi.

Mwambie hivyo, na mwambie si ugonjwa wa akili, linampata yeyote, hasa mtu anayelala vipande vipande kwa kulinda shamba. Ule mwanga wa kwanza alioutazama akiwa macho siwezi kuusemea.

MamaUpendo_Uyole · Jumapili, saa 2:22 usiku

Mwanangu mimi bado naamini maombi. Lakini hilo la kumwondoa mzee kwenye huduma yake bila hata kukaa nae na kumsikia halikuwa sawa, na mimi nimewahi kukaa kwenye kikao kama hicho nikanyamaza. Tafadhali msalimie, mwambie mama mmoja wa Uyole anamwombea kwa heshima zote.

BintiMufindi · Jumapili, saa 3:05 usiku

Nimemsomea zenu zote hapa, simu kwenye chaja yeye anasikiliza. Kwenye jinamizi alitikisa kichwa akasema inawezekana, bibi yake alikuwa nalo. Mama Upendo amesema ahsante sana.

Kwenye ya dereva amenisimamisha nirudie mara mbili. Anauliza, ile ya kwako kabla ya kuwa nyeupe, ile rangi ya machungwa ilikuwa inachezacheza kama moto au ilikuwa imetulia? Maana anasema ya kwake ilitulia, na moto hautulii, yeye moto anaujua.

Dereva_Tunduma · Jumapili, saa 3:09 usiku

Ilitulia. Mwambie mzee shikamoo, ilitulia kabisa.